Kabati la Ghorofa ya Tatu

Tangu utotoni walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alipomaliza chuo na kupata kazi kwenye kampuni ya matangazo ya mtandaoni, kaka yake alimcheka: "Sasa watakulipa kwa kuongea? Dunia ina mambo!"

Hakuwa mbali na ukweli. Chiriku aliajiriwa kuwa kiungo kati ya kampuni na wateja wake, asikilize wanataka nini, awaeleze wapiga picha na waandishi, kisha arudi na majibu. Hajazoea hata kiti chake, meneja akamkabidhi Mama Makabati, mwenye duka la samani, ambaye ofisi nzima ilimkwepa kama upupu.

"Wameniletea mwingine tena!" mama alifoka kwenye simu. "Binti, picha zenu watu wanazisifia huko mtandaoni, lakini wanaoingia dukani ni wapita njia tu. Sifa nitazitia sufuriani? Mwisho wa mwezi nahamia kampuni nyingine!"

Chiriku akafungua mdomo ajitetee, akaufunga. "Mama, naomba nije nishinde dukani kwako kesho."

"Njoo. Viti ninavyo tele."

Alishinda kwenye kochi karibu na mlango, kimya kama maji ya mtungini. Watu waliingia, wakapapasa mbao, wakasifu, kisha wakauliza lile lile: "Kabati hili litapita kwangu? Nakaa ghorofa ya tatu, ngazi zenyewe nyembamba." Fundi wa duka akawajibu kwamba kabati hufunguliwa vipande na kuungwa chumbani kwa mnunuzi. Hapo nyuso zikakunjuka. Na jambo hilo halikuwemo kwenye tangazo hata moja!

Alirudi ofisini mbiombio, akapendekeza wapige tangazo la kabati likipandishwa ngazi. Mpiga picha akanuna. "Tuache taa zetu nzuri tukapige ngazi?"

"Ngazi, kaka yangu. Na jasho lake."

Meneja akawatazama wote wawili. "Mwacheni ajaribu."

Wakapiga video ya mafundi wakipandisha kabati vipande vipande, wakiliunga chumbani, na mwenye nyumba akifungua na kufunga milango yake asichoke. Ikasambaa kama moto kwenye nyasi kavu. Simu ya duka ikawa haikomi kulia.

Mwisho wa mwezi, Mama Makabati akaja ofisini mwenyewe, ameongozana na mdogo wake. Watu wakainamia kompyuta zao.

"Yuko wapi yule binti aliyekalia kochi langu kutwa?"

Chiriku akasimama. "Nipo, mama."

"Nimeongeza mafundi kwa sababu yako. Sihami ng'o! Na huyu mdogo wangu anauza rangi za nyumba. Nimemwambia azungumze na wewe, si mwingine."

Ofisi ikalipuka kwa makofi. Chiriku alicheka mpaka machozi yakamtoka, huku akiwavutia wageni viti. Mpiga picha akasogea, begi la kamera tayari begani.

"Dada," akasema, "hizo rangi tunaanza kupiga lini?"