Kingstanding Imeshuka Kidogo

Kazi yangu ni kutazama mstari. Watu wakiniuliza kwenye harusi nafanya nini hapa Birmingham, nawaambia nipo ofisini, na wao wanaridhika. Ukweli wenyewe ni kwamba kila mwezi naletewa hesabu ya watu wanaochukua mafao ya kukosa kazi, mtaa kwa mtaa, jiji zima, nami natazama kwenye mstari wa grafu kama wameongezeka au wamepungua tangu mwezi uliopita, kisha naandika aya moja ya kuwafurahisha wakubwa. Kwa hilo nimesomeshwa hadi digrii ya pili. Mama yangu huko Unguja anawaambia majirani kwamba mie mchumi.

Meneja wangu anaupenda mstari ule kuliko anavyompenda mkewe, na aliyeniambia hivyo ni mkewe mwenyewe, kwenye tafrija ya Krismasi. Ukipanda, bwana huyu hula chakula chake cha mchana kimya kimya, uso kwenye kompyuta. Ukishuka, hata kama ni kushuka kwa kutafutwa kwa miwani, hutoka mbio kununua donati, akazipanga kwenye meza ya printa na kutuita wote tuje tufurahi. Hesabu yenyewe ni ya awali. Mwezi unaofuata hurekebishwa, na mara nyingine huja kuonekana kwamba mstari haukushuka hata kidogo, ulikuwa unapanda. Sijamwona bado mtu aliyerudisha donati.

Halafu kuna mchezo mwingine, huu wanauita kuondoa majira. Maduka huajiri watu kabla ya Krismasi na Januari huwafukuza. Sasa sie wasomi tunaichukua hesabu ya Januari, tunaisugua kwenye kompyuta mpaka Januari yote inatoka, kisha tunatangaza kwamba kimsingi hakuna kilichobadilika. Mtu kaamka hana kazi, kodi inamngoja, watoto wanamtazama, na sie tunamwambia kimsingi mambo ni yale yale. Makubwa haya! Na wanaolipwa mshahara kwa kusema hivyo wanapanda treni moja nami kila asubuhi kutoka Erdington, wamevaa vitambulisho shingoni.

Mwezi ninaousimulia ulikuwa mwanzo wa baridi. Hesabu ya mtaa wa Kingstanding ilishuka kidogo. Meneja akaja mezani kwangu uso umemkunjuka, akaniambia niandike kwamba hiyo ni dalili njema, watu wa kaskazini ya jiji wameanza kurudi kazini. Nikamuuliza wanarudi kazi gani, maana nijuavyo mie ghala kubwa la upande wa Perry Barr lilikuwa limefungwa tangu kiangazi na hakuna kilichofunguliwa badala yake. Akasema sie hatuandiki sababu, tunaandika mwelekeo. Haya, nikaandika mwelekeo. Nikala na donati, ile ya jemu.

Miongoni mwa waliotolewa kwenye ghala lile alikuwamo mjomba wangu, kaka yake mama, baba mmoja mama mmoja. Ndiye aliyenipokea nilipokuja nchi hii. Miaka yote akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, na akiishi Kingstanding kwenye fleti ndogo ya kaunsili, yaani halmashauri ya jiji, ambayo aliipata baada ya kuhangaika muda mrefu kwenye vyumba vya watu. Mkewe alifia mle ndani. Mapazia bado ni yale aliyoyashona marehemu, na kabati la vyombo halijaguswa. Tangu ghala lifungwe, kodi ya fleti ile ilikuwa ikilipwa na mafao yake. Mafao yakikatika, kodi nayo haiendi, na kodi isipokwenda atatolewa. Hilo alilijua yeye na nililijua mie.

Jumapili moja nikaenda kumtazama, nimebeba bakuli la wali na mchuzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha mpaka ndani, tukakaa. Tukaanza kuulizana. Hali yangu, hali yake, hali ya wanangu ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, hali ya mama, hali ya mvua. Yote nzuri. Yote alhamdulillahi. Tukaenda na nzuri hizo mpaka chai ikapoa kwenye vikombe, ndipo mjomba akasema, kwa sauti ya mtu anayekueleza balbu imeungua, kwamba watu wa nyumba wa kaunsili wamempigia simu, kodi haijaingia, na hali ikiendelea hivi watamtoa.

Ndivyo tulivyo. Kwetu sie mtu akikuletea habari ya msiba, kwanza atakwambia habari ni nzuri. Habari za huko? Nzuri. Watoto? Wazima. Na mzee? Mzee tumemzika jana. Ukianza na shida umekosa adabu, umemvamia mwenzako kabla hajakaa kitako. Nimelelewa hivyo na mie mwenyewe nafanya hivyo, na sijui ni nani aliyetuloga.

Nikamuuliza imekuwaje. Akanieleza kwa kujivuta. Kumbe ofisi ya ajira ilimpigia ile simu yao ya kila mara, ya kumuuliza ametafuta kazi wapi na wapi. Alikuwa msichana mwenye sauti laini. Akaanza kwa kumuuliza hali. Mjomba, kwa Kiingereza chake cha ghalani, akamjibu kwamba yeye mzima, kila kitu kizuri, kazi ipo, Mungu akipenda. Msichana akafurahi kwelikweli, akampongeza kwa kupata kazi.

"Wewe ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia ahsante."

"Mjomba, kwa nini hukumwambia huna kazi?"

"Mtu anakuombea dua, mwanangu. Unamkatalia vipi?"

Alikuwa anangoja salamu ziishe, kama wafanyavyo watu, ili naye aeleze kwamba mgongo unamuuma na kila anapoomba kazi wanamtazama mvi. Maskini ya Mungu, hakujua kwamba kwa yule msichana salamu ndiyo ilikuwa mazungumzo yenyewe. Alimtakia siku njema, akakata simu, akabonyeza anapobonyeza, na mjomba wangu akawa ameajiriwa. Hakuna aliyeuliza ameajiriwa na nani.

Nikacheka, wallahi nikacheka mpaka machozi, kwa hasira. Kingstanding ilikuwa imeshuka kidogo na sehemu ya kushuka kwake ilikuwa imekaa mbele yangu, imevaa sweta mbili, inanimiminia chai ya pili. Nilikuwa nimeila kwa jemu.

Jumatatu nikamweleza meneja. Akasema pole, kwa jinsi wanavyosema wao, kichwa kimelalia upande mmoja. Kisha akanikumbusha kwamba mtu mmoja si mwelekeo, na kwamba makosa madogo madogo ya namna hiyo hujirekebisha yenyewe kwenye hesabu za baadaye. Nikamuuliza na fleti nayo itajirekebisha yenyewe? Akasema nyumba zinaangaliwa na kitengo kingine. Nilitamani kumfunika na printa.

Nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikapanda basi kwenda Kingstanding. Ofisi ya ajira ilikuwa imekubali kulipitia upya jambo lake, kwa simu. Nikamfundisha mjomba kama anavyofundishwa bwana harusi kabla ya nikaha. Wakikuuliza hali, usiseme nzuri. Usimshukuru Mungu kwa sauti, mshukuru moyoni. Anza na shida, malizia na shida. Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo.

Akasema yeye hajapata kumpokea mtu kwa malalamiko tangu azaliwe, na hataanzia kwa Mzungu asiyemjua. Kama ni kutolewa, atolewe, atakuja kulala sebuleni kwangu. Nikamwambia sebule yangu ina watoto, baiskeli na nguo za kuanika, na yeye hawezi kuyaacha mapazia yale. Hapo akayageukia mapazia. Nilijua nimempiga pabaya, na nilikusudia.

Simu ikaja. Safari hii alikuwa mwanamume, mpole, anasoma maswali kwenye skrini. Nikajitambulisha, nikaanza kueleza mie mwenyewe, akanikatiza kwa heshima zote: majibu lazima yatoke kwa mhusika. Nikaweka simu mezani, sauti ikawa inasikika chumba kizima.

Akamuuliza hali. Mjomba akavuta pumzi, nikauona mdomo wake unakwenda kule kule kwenye alhamdulillahi. Nikamkatiza kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sijapata kumtolea mtu mzima maishani mwangu. "Mjomba, sema huna."

"Sina kazi," akasema.

Mwanamume akauliza anajimudu vipi kwa chakula. Mjomba akamwambia anakula mara moja kwa siku. Nikashtuka. Akamuuliza nyumba anaipasha joto vipi. Akasema hita hawashi, anavaa nguo nyingi. Swali likafuata swali, naye sasa alikuwa anajibu upesi, macho yake kwenye kitambaa cha meza, na kila jibu lilikuwa jipya kwangu mie niliyekuwa nikija na mabakuli na kuambiwa yote nzuri. Mwisho yule bwana akamuuliza kama ana mtu yeyote wa kumsaidia.

"Sina mtu," akasema mjomba wangu, na mie nimekaa pale pale, goti langu linagusa lake.

Sijui alisema hivyo kwa sababu nilimfundisha kumalizia na shida, au kwa sababu ndivyo anavyoona. Sikuthubutu kumuuliza. Nilimshukuru yule bwana kwenye simu, nikaosha vikombe, nikaondoka. Kwenye basi nililia mbele za watu, na mama mmoja wa Kihindi, kwa lafudhi yake mzaliwa wa Nairobi, akaniambia pole, akanipa karatasi ya kufutia pua bila kuniuliza kitu.

Mafao yakarudi. Kodi ikalipwa, pamoja na ile iliyokuwa nyuma, na watu wa nyumba wakaacha kupiga simu. Mwezi uliofuata Kingstanding ikapanda kidogo. Meneja aliagiza niandike kwamba hali inatia wasiwasi na inafaa kufuatiliwa kwa karibu. Nikamwandikia, mbona. Sasa hivi naandika chochote.

Jumapili ya wiki ile ile nilikwenda, nimepika samaki wa kupaka, maana mjomba anaupenda mno mchuzi wake. Niligonga. Mjomba akafungua, amevaa kanzu safi, amenyoa. Joto la hita likanipiga usoni, na nyuma ya bega lake nikayaona mapazia yamefunguliwa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika. Akaniuliza hali ya watoto, nikamwambia wazima. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akasema Mungu akuzidishie, mwanangu.

Nikangoja anikaribishe mpaka ndani, kama alivyozoea kabla ya simu ile. Alisimama mlangoni na bakuli lake, ananitazama kwa upole, kama mtu anayemngoja mgeni amalize kuaga. Nikasema basi mjomba, mie nakwenda. Akasema haya, nenda salama, akaufunga mlango taratibu.