Mtoto Aliyebatizwa Mlangoni

Juzi nilikwenda kanisani nikarudi na hasira. Nakuomba radhi mapema, rafiki yangu, maana mtu wa umri wangu akianza kusimulia ya utotoni, watu hutarajia atabasamu, apanguse chozi kwa pindo la kanga, basi. Leo hutapata hayo. Kama una chai, inywe kabla haijapoa, kwa sababu nikishaanza sinyamazi.

Ilikuwa jubilei ya kanisa letu la zamani, lile la kambini, kwenye mashamba ya mkonge njia ya Moa. Mjukuu wangu alinitafutia bodaboda hapa Chumbageni, kijana mwenye adabu zake, akaniendesha kama amebeba trei la mayai. Nilifika mapema nikaketi mbele kabisa. Kambi yenyewe haipo. Nyumba zimebomolewa, mawe yamebebwa, na pale palipokuwa na kisima chetu pameota mikwaju. Kanisa ndilo limebaki, limepakwa rangi ya samawati, limetiwa feni na spika kubwa za kutuua masikio. Akasimama kijana mmoja mtanashati kutusomea historia. Akasema mwaka wa ndui kanisa lilifungwa, hapakuwa na ibada yoyote, waumini wakakaa gizani, ila mwalimu wa kanisa aliendelea kuwaombea akiwa milimani mpaka Mungu akaliondoa gonjwa. Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani! Na ukumbi mpya uliojengwa pale nje wameupa jina la huyo huyo mwalimu.

Hapakuwa na ibada? Mimi nilikuwapo. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, nikiishi na bibi mzaa mama, mlango wa kwanza wa mstari wa kwanza. Hebu nikwambie.

Bibi alishuka Usambara akimfuata babu, aliyekuja kukata mkonge. Babu akafa, bibi akabaki, akapewa kazi ya kuanika nyuzi uwanjani pamoja na wanawake wengine. Uso wake ulikuwa na vishimo vya ndui iliyompata huko milimani alipokuwa kigori. Watoto wa kambi waliniuliza kama vinauma. Niliporudi kumuuliza, alicheka akasema, "Mwenye kovu usidhani kapoa," kisha akanituma kuni. Alikuwa na mdomo, bibi yangu. Akikasirika aliacha Kiswahili akahamia Kishambaa, na hapo hata nyapara, mtu wa kiboko na matusi, alipita kando.

Maisha ya kambi hayakuwa mazuri, nisikudanganye. Makapi ya mkonge yalioza nyuma ya mashine yakanuka mpaka ndani ya chungu cha mboga. Alfajiri kipande cha reli kilichotundikwa mtini kiligongwa, na baba za watu wakatoka na mapanga wakiwa hawajafumbua macho sawasawa. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Kidigo wa kijiji cha jirani, Mwislamu, aliyetuletea bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa uliokolea nazi, na ndugu zetu wa milimani walituletea ndizi mbichi kwa lori la kuni. Na Jumapili tulikuwa na kanisa. Mchungaji alifika mara chache sana kwa mwaka. Siku nyingine zote aliyetuongoza ni mwalimu wa kanisa, na kusema kweli alijua kufundisha. Darasa la ubatizo alilishika barabara. Alitukaririsha kwamba mtoto akiwa mahututi na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu, na ubatizo huo ni kamili. Tuliyasema hayo kwa pamoja, tukipiga makofi ili tusiyasahau. Shika neno hilo.

Ndui iliingia kiangazi. Alianza kibarua mmoja wa bara, akafuata mkewe, kisha milango ikaanza kutundikwa vitambaa vyekundu. Ikasikika kwamba Bwana Afya anakuja kuifunga kambi. Basi siku moja kabla hajafika, mchana kweupe, lori la kuni lilisimama mbele ya kanisa, na mwalimu akapanda, na wazee wawili wa kanisa wakapanda, na wake zao, na magodoro, na masufuria. Hata kuku wao walipanda, wamefungwa miguu. Mwalimu alifunga mlango wa kanisa akatia ufunguo mfukoni. Bibi akamuuliza, "Mwalimu, na sisi?" Akajibu, "Tutawaombea." Lori likaondoka.

Watu huniambia nisiwahukumu, kila mtu anaogopa kifo. Sawa. Mimi simlaumu mtu kwa kuogopa, na mimi niliogopa mpaka nikajikojolea. Ningojee kidogo, utaona ninachowalaumia.

Bwana Afya akaja, akazungushia kambi kamba, akatuchanja wote mikononi, akatoa amri: kila mtu mlangoni kwake, mgonjwa abaki ndani, mkusanyiko marufuku, chakula kitawekwa kwenye kamba. Mashine ikanyamaza. Ukimya ule sitausahau, maana hatukuwahi kujua kwamba kambi yetu ina ndege.

Jumapili ya kwanza bibi alivaa kanga yake ya kanisani, akaweka kigoda kizingitini, akakaa. Nikamuuliza tunakwenda wapi. "Hatwendi popote. Kaa." Akaanza wimbo. Bibi hakuwa na sauti nzuri, lakini alikuwa na kifua. Alimaliza ubeti wa kwanza akamgeukia jirani na kupaza, "Pokeeni!" Mlango wa pili ukapokea ubeti wa pili, ukapaza, "Pokeeni!" Ukaenda hivyo mlango kwa mlango, ukamaliza mstari wetu ukaingia mstari wa nyuma, mpaka ukawa unasikika kwa mbali sana huko mwisho, halafu ukarudi. Na nyapara, ndugu yangu! Yule mtu wa kiboko, kumbe akiimba ana kisauti chembamba cha kitoto. Tulicheka, na bibi mwenyewe akaficha uso.

Maombi nayo yalipita njia ile ile. Mlango wa saba wanaomba maji ya kunywa, pokeeni. Mlango wa kumi baba yao amefumbua macho leo, pokeeni. Wakatoliki wa bara walikuwa na sala zao, wakazisali milangoni kwao, zilipofika kwetu nasi tukazipitisha, hakuna aliyeuliza za nani. Hata mama wa Kidigo alipokuja kuweka chungu chake kwenye kamba alisimama akaita, "Shikamoo bibi! Nami nitilieni dua, mume wangu ana homa." Bibi akaitika, "Marahaba, mwanangu," na homa ya yule baba ikazunguka kambi nzima, mlango kwa mlango. Na mlango usipopokea, jirani aliuruka akaupokelea, na sote tukajua kuna nini. Hivyo ndivyo tulivyopata habari za misiba. Ati watu walikaa gizani!

Mlango wa tatu alikaa mama mmoja kijana. Ndui ilikuwa imemchukua mumewe wiki za mwanzo, akabaki na kichanga chake cha kiume, mtoto wa kwanza. Jumapili moja zamu ilipomfikia hakuimba. Akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "Mwanangu anakwenda. Sitaki aende hivi hivi bila jina. Pokeeni."

Mlango wa pili ukapokea ukatuletea. Bibi aliinuka kigodani. Kisha akaingia ndani, akachota maji ya mtungini kwa bakuli letu la uji, akatoka. Nililia nikamshika kanga. Akanibandua mikono, akasema, "Mimi ilishanila ikanitapika. Hainirudii." Akaenda mpaka mlango wa tatu, hatua chache tu, nami niliona yote kutoka kizingitini. Akamwambia mama yule amshike mtoto vizuri kichwa. Akapaza sauti ili kambi nzima isikie, akaanza Imani ya Mitume: "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi, pokeeni!" Mlango wa nne wakapokea sentensi ya pili, wa tano ya tatu, ikaenda, wagonjwa wakiisema kutoka ndani, wengine wanakohoa, wengine wanalia, mpaka ikatimia na uzima wa milele. Ndipo bibi akamwagia maji mara tatu. "Samweli, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kambi ikasema amina. Mama yule akatabasamu. Naapa mbele ya Mungu, akatabasamu.

Samweli alikufa kesho yake. Bibi na wengine wawili wenye makovu kama yake walimzika kwenye makaburi ya kanisa, wakasimika msalaba wa mlingoti wa mkonge.

Kamba ilipoondolewa na vitambaa kuchomwa moto, lori la kuni likarudi. Mwalimu akashuka amenenepa. Haki ya Mungu, amenenepa! Akafungua kanisa, akaambiwa habari zote, nasi tulidhani atafurahi. Badala yake akawaita wazee wake wawili, wakakaa meza ya mbele, wakamwita bibi asimame mbele ya watu kama mwizi wa kuku.

Akamuuliza nani alimpa ruhusa. Bibi akasema, "Wewe. Ulitufundisha, tukapiga na makofi." Watu wakaguna. Mwalimu akahamia kwingine: Imani ya Mitume haikusemwa na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ilikatwa vipande, na imani iliyokatwa vipande si imani. Ulisikia wapi jambo hilo? Kwamba maneno yaliyosemwa na kambi nzima yana upungufu kuliko yakisemwa na yeye peke yake! Bibi akamtazama. "Asiyekuwapo na lake halipo," akasema, "na nyie hamkuwapo."

Hapo ndipo kosa lenyewe, rafiki yangu. Si maji, si Imani ya Mitume. Kama ubatizo wa Samweli ni kweli, basi kanisa lilikuwapo mwaka ule, na wao ndio hawakuwamo. Hilo hawakuweza kulimeza. Wakaamua: mtoto hakubatizwa. Msalaba ukang'olewa, maana pale walilala Wakristo. Bibi akafungiwa meza ya Bwana na kuambiwa akae benchi la nyuma, pamoja na walevi na wenye wake wawili, mpaka atubu hadharani. Mchungaji alipokuja, alielezwa na mwalimu kwamba kuna bibi alijifanya mchungaji, akatikisa kichwa, akala kuku, akaondoka.

Bibi hakutubu. Alikaa benchi la nyuma miaka yote iliyobaki ya uhai wake, kanga imepigwa pasi, akiimba kwa kifua kile kile. Karibu na kufa kwake mwalimu alimletea chakula cha Bwana nyumbani, akamwambia aseme neno moja tu la toba apewe. Bibi akamjibu, "Nimekusamehe, mwanangu. Sasa nenda kamrudishie yule mama mtoto wake." Mwalimu akafunga kikasha chake akatoka.

Sasa nimesikia mtu kanisani akiomba tukumbuke zamani tulivyopendana. Tulipendana kweli. Jirani alijua jirani amelalaje. Leo pale hakuna mlango hata mmoja, na waliopokea karibu wote wamekufa, nami nayakumbuka yale kwa kiu. Lakini waliotuchukulia Jumapili zile si ndui wala si miaka. Ni watu waliorudi wakatwambia hazikuwapo, na leo wana ukumbi.

Juzi nilisimama nikaomba kipaza sauti. Walidhani nataka kutoa baraka. Niliposema tu "Mwaka wa ndui," mwenyekiti wa sherehe akanipokonya kwa upole, akasema, "Bibi, muda umetutupa mkono, pilau linapoa." Watu wakacheka. Nikatoka, sikula.

Huyo mama wa mlango wa tatu hakuolewa tena. Aliishia Usagara, hapa mjini, kwa mtoto wa dada yake, nami nilikuwa nikimpelekea ndizi. Kila nikienda aliniuliza swali moja. Mara ya mwisho alikuwa amelala, hawezi kuinuka, akanishika mkono akauliza tena, "Wewe ulikuwapo. Yale maji yalimfaa mwanangu? Nitamkuta?" Nikamwambia yalimfaa, mama, utamkuta, nami ni shahidi. Hakuuachia mkono wangu.

"Mbona mwalimu alikataa?" akasema.

Alikufa bado anauliza. Bibi aliwasamehe, na ni haki yake. Mimi siwasamehe.