Mifuko Miwili ya Damu

Nilikuwa mtu wa maabara katika kituo kidogo cha afya, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Isiolo mjini, upande wa Garbatulla. Friji yetu ya sola ilikuwa ya chanjo tu; aliyehitaji damu tulimpeleka mjini.

Asubuhi moja ya Ramadhani wezi wa mifugo walivamia visima. Polisi wa akiba mmoja, kijana wa Kiborana, akapigwa risasi pajani. Kaka yake alimleta kwa pikipiki, amemfunga mgongoni kwa shuka kama mtoto. Sista, muuguzi wetu mkuu, alikaza mpira juu ya jeraha na damu ikakoma, lakini midomo ya mgonjwa ilikuwa imepauka na presha haikusomeka. Sista akapiga simu mjini. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama ng'ambo ya laga, mto mkavu ambao sasa ulikuwa umejaa maji ya mvua. Lingevuka labda alasiri.

"Huyu hafiki alasiri," sista aliniambia. "Tafuta damu hapa hapa."

Nilikuwa na mifuko miwili mitupu, iliyobaki siku wanafunzi walipochangia damu. Mgonjwa alikuwa kundi O. Nikampima kaka: O pia, hana ugonjwa, na damu zao nilipozichanganya hazikugandana. Ila alikuwa amefunga. Nilimweleza kwamba asipokunywa maji kwanza anaweza kuzimia. Alikishika kikombe kwa muda bila kunywa.

"Saumu nitailipa," akasema. "Huyu nitamlipa vipi?"

Akanywa.

Damu yake ilimwingia mdogo wake ikiwa bado na joto. Presha ikapanda, kisha ikaanza kushuka tena. Sista alikuwa kundi A. Nilibaki mimi, na mimi ni O. Kwa miaka tisa nilikuwa nimetoa watu damu bila kutoa yangu, nikisingizia mishipa midogo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijipima kama nilivyompima kaka, nikalala. Sista alinichoma mara mbili kabla ya kuupata mshipa, nami nikageuza uso ukutani.

Saa tisa gari likafika. Tulipokuwa tukimpakia, mgonjwa alifungua macho akauliza ng'ombe wako wapi. Hakuna aliyejua. Alipasuliwa mjini, akapona. Anachechemea kidogo, na amerudi kuchunga.

Mwezi uliofuata niliagiza mifuko kumi. Nikaletewa minne.