Marais Wawili Ndani ya Lifti

Jamani, mimi nimewahi kukwama kwenye lifti na marais wawili.

Marais ambao hawakuwahi kutawala hata banda la kuku.

Mmoja ni baba yangu. Mwingine ni baba mkwe. Ujanani waliongoza mapinduzi pamoja, wakateka redio, halafu wakabishana nani asome tangazo. Wanajeshi wa serikali wakawakuta bado wanabishana. Wote jela.

Tangu hapo kila mmoja husema, "Ningesoma mimi, nchi hii ingekuwa mbali."

Siku hiyo mke wangu alikuwa leba, ghorofa ya tatu ya hospitali. Aliniomba kitu kimoja tu, nisimwache peke yake. Tukapanda lifti sisi watatu kumfuata, ikagoma, taa ikazimika. Niliogopa, sifichi.

Fundi akapiga kelele kutoka nje. "Mlango umenasa! Mmoja ahesabu, mvute wote kwa pamoja!"

"Moja," akaanza baba.

"Nani kakuchagua?" akadakia baba mkwe. "Moja!"

Huyu anavuta, yule kaachia. Mimi katikati, jasho linanitiririka. Nikimfuata mmoja, nimemkosea mwingine. Nikihesabu mwenyewe, nimewakosea wote.

Huko nje kichanga kinalia.

"Hebu tuseme ungeshinda," baba mkwe akamkebehi baba. "Ungeanza na nini?"

"Ningekunyonga."

"Mimi ningekunyonga kabla sijanywa chai!"

Uvumilivu ukaniisha. "Na sisi je? Binti yako alikuwa bado ananyonya, baba mkwe. Mimi ndiyo kwanza natembea. Tungeoana vipi?"

Wote wawili wakaachia mlango.

"Mmoja wenu angekulia uhamishoni," baba akasema polepole. "Msingeonana."

Baba mkwe akakohoa. "Haya, hesabu wewe."

"Hapana, hesabu wewe."

"Wewe bwana, ndiye mkubwa."

Nusura nilie. Sasa wanabishania adabu!

"Moja, mbili, TATU!" nikapiga kelele mimi. Wakavuta.

Mlango ukafunguka. Kumbe lifti ilishafika ghorofa ya tatu zamani, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza fundi. Leba ilikuwa mbele yetu, nesi amebeba kile kile kichanga nilichokuwa nakisikia.

"Baba yake nani? Mama amemwita mpaka sauti imekauka."

Wazee wakanyoosha mikono kumpokea mjukuu, kisha kila mmoja akarudisha yake, akimsubiri mwenzake. Nikawaacha hapo hapo, nikakimbilia ndani kumwomba mke wangu msamaha.

Ndugu yangu, ukikuta wakubwa wanagombania nani ahesabu, usisubiri ruhusa. Hesabu. Mwanangu alikuja duniani mimi nikiwa hatua chache tu kutoka mlangoni, naona haya kufungua mdomo.