Siku Nilipotabiri

Harufu ya samadi mbichi iliyopakwa sakafuni bado hunirudisha darasani, kule juu Ufipa, enzi za Mwingereza. Wavulana walikalia mabenchi. Sisi wasichana watatu tuliketi chini nyuma yao, tukitazama migongo, na ubaoni tuliona kwa kuchungulia.

Asubuhi moja mwalimu aliandika neno "kutabiri". Nyumbani tulisema Kifipa, kwa hiyo nikauliza maana yake.

"Ni kusema jambo kabla halijatokea," alijibu, kisha akanitolea mfano: "Natabiri kwamba wewe utaolewa kabla hujajua kusoma."

Darasa zima lilicheka. Nikasimama, uso unaniwaka.

"Na mimi natabiri, mwalimu. Kesho nitakaa benchi la mbele."

"Hilo ni la wavulana."

"Ndiyo, mwalimu."

Kesho yake niliwahi kuliko wote, miguu imekufa ganzi kwa umande, nikaketi mbele. Wavulana walipofika walinivuta gauni hadi likachanika begani. Nikaling'ang'ania benchi kwa mikono yote miwili. Mwalimu akaingia na fimbo.

"Toka hapo."

"Sitoki, mwalimu. Nilishatabiri."

Alinichapa vidoleni. Nililia kwa sauti, lakini sikuachia. Alipoinua fimbo tena, wenzangu wawili waliinuka sakafuni, wakaja kubanana nami, mmoja kila upande.

Mwalimu aliishusha fimbo. Akaiegemeza ukutani, akaokota chaki.

"Haya," aliwaambia wavulana, "sogeeni nyuma."