Asubuhi Kambale Alipokataliwa Kupasuliwa

Ulezi ukikaangwa kidogo kabla ya kusagwa hutoa harufu tamu inayopenya hata ukutani. Jirani yangu hapa Beni huukaanga kila Jumamosi, nami hufunga dirisha. Nadhani ananiona mwanamke mwenye kiburi. Yeye sijamweleza, lakini ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa msichana mdogo, tukiishi Butembo, upande wa Rughenda, ambako ndege za askari zilishuka karibu mno hadi mabati ya nyumba yetu yakatetemeka. Mdogo wangu Kambale alizaliwa na ngiri. Kila alipocheka sana, alipokohoa au kukimbia, uvimbe ulimtoka kwenye kinena, ukawa kama yai la bata ndani ya kaptura. Hakuona haya. Aliushika kwa kiganja, akaendelea kucheka. Kwenye mpira alikuwa kipa, kwa kuwa kipa hakimbii, na alijisifu kwamba yeye peke yake analinda goli na yai kwa pamoja. Jioni mama alimlaza chali, akampaka mawese ya vuguvugu, akausukuma uvimbe taratibu hadi ukarudi ndani.

Vita vilipofika, ngiri ikaacha kuwa mchezo. Risasi zikilia tulikimbilia mashambani, na kila mara Baba alilazimika kumbeba Kambale mgongoni. Siku moja Baba alisema, "Batoto ba sasa banapashwa kujua kukimbia mbele ya kujua kusoma. Tumupeleke bamupasue."

Tukaenda hospitali sote, pamoja na Koko, mama yake Baba. Wagonjwa walijaa hadi verandani, wengi wao wa risasi. Daktari alimpapasa Kambale, akakubali kumpasua. Alikuwa ameshageuka kwenda kwa mwingine aliposema, "Bon. Mumulete kesho asubui, à jeun."

"Ndiyo, docteur," mama akajibu, nasi wengine tukaitika.

Koko hakujua Kifaransa. Alichosikia ni "aje", Kiswahili safi cha kanisani, na njia nzima alimsifu daktari. "Ule muganga iko na heshima. Anasema mutoto aje, sawa vile pasta." Mama alijua kwamba neno lile ni la Kifaransa, ila aliona haya kuuliza maana yake mbele ya watu. Baadaye aliniambia alidhani ni "mapema".

Kesho yake Koko aliamka kabla yetu, akapika uji wa ulezi uliokaangwa, mzito, akautia sukari iliyokuwa imefichwa kwa ajili ya wageni.

"Kunywa, mujukuu," alimbembeleza. "Mutu hapana kuendea kisu na tumbo mutupu. Damu itatoka wapi?"

Kambale akanywa, akaramba bakuli hadi pua ikachafuka. Mimi nilimeza mate mlangoni, nikitamani na mimi ningezaliwa na ngiri.

Hospitalini walimvika shati la kijani lililomfika vifundoni, akatembea nalo kama askofu. Mama alikuwa bado amemshika Kambale mkono, daktari alipomuuliza mtoto kwa utani, "Petit, leo umekula nini?"

"Uji ya Koko!" akajibu kwa sauti ya kipa aliyedaka penalti. "Na sukari!"

Daktari akavua glavu. "Basi, leo hapana."

"Docteur, pardon," mama akasema, "ni uji tu. Hapana chakula."

"Nilisema à jeun. Mukuye juma ijayo." Akaita mgonjwa mwingine.

Koko alisimama pale akimtazama mgongoni. "Kumbe ule mutu anachukia mutoto kushiba," alisema. Tulirudi nyumbani, na Kambale alilia kwa sababu walimvua lile shati.

Juma lile hatukulifikia salama. Mapigano yaliingia mjini, daktari akaondoka, askari wakabeba hata magodoro ya hospitali. Tukakimbia na umati kwa njia za mashambani kuelekea Beni. Magoti ya Koko yaligoma, Baba akambeba yeye. Kambale akakimbia kwa miguu yake.

Ngiri ikatoka, na safari hii haikurudi. Mama alimlaza chali kwenye shamba la mihogo, akasukuma. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na Kambale, aliyezoea kucheka nayo, alipiga mayowe hadi watu wakatusihi tumzibe mdomo. Kisha akaanza kutapika maji ya kijani. Koko akateremka mgongoni mwa Baba bila kuambiwa, akaketi chini. "Mubebe ye," alisema. "Miye muniache hapa." Hatukumwacha. Mama alimkokota, Baba akatangulia na mtoto.

Daktari wa Beni alimbonyeza tumbo, akatikisa kichwa. Utumbo ulikuwa umebanwa hadi ukaoza. "Mulichelewa," alisema. Kambale alikufa adhuhuri, huko nje wanawake wakiuza ndizi na kutaniana.

Koko hakupika uji tena. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, lakini tulimnyamazia, na nadhani kunyamaziwa kulimla zaidi. Mama alimlaani daktari wa Butembo katika kila sala.

Miaka mingi ikapita, nami nikapasuliwa wakati wa kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Jioni ya kabla yake, nesi mmoja kijana aliketi kitandani pangu. "Mama, kesho ni à jeun, maana yake tangu magaribi hapana kula, hapana kunywa maziwa wala uji," alisema. "Dawa ya usingizi inalalisha na koo. Chakula inaweza kupanda kutoka mu tumbo, ikaingia mu mapafu, ukakufa mbele kisu ikuguse." Kunieleza hakukumchukua muda. Nilianza kulia, akadhani naogopa kisu.

Mama alipokuja kumwona mtoto nilimweleza. Aliendelea kukunja vitambaa.

"Donc ule docteur alikuwa anamulinda," alisema mwishowe.

"Eeh, mama."

"Na Koko pia."

"Eeh."

"Na hakuna mutu alituambia."

Utotoni niliamini kwamba watu wawili waligombania mdogo wangu asubuhi ile, mmoja akimpenda na mwingine akimchukia. Kumbe wote wawili walitaka aishi. Mmoja hakuwa na nafasi ya kueleza, na sisi tuliona haya kuuliza, wakati vita vilikuwa vimekwisha kukaribia mji. Koko alizikwa kabla sijayajua haya. Alikufa akiamini kwamba uji wake ndio uliomwozesha mjukuu wake utumbo.