Kijani cha Kolo

Nilikwenda Kolo kwa sababu dada yangu Hawa alikuwa akishindwa kupumua mahali ambapo ramani yangu ilisema hewa ni safi. Kazi yangu Dodoma ni kuchora ramani ya hewa chafu, na ni mimi niliyemtoa Kizota, kwenye moshi wa karakana, nikamhamishia huko kwa ajili ya pumu yake. Kiangazi chote Kolo ilikuwa kijani kwenye ramani, rangi ya hewa safi. Alipopiga simu kulalamika, nilimwambia labda ni mafua.

Asubuhi nilipanda basi linalopitia Kondoa. Tulipopita Mayamaya niliona mashamba yakichomwa huku na kule, lakini kwenye simu yangu njia yote ilikuwa kijani. Kati ya mjini na Kolo hatuna kipimo cha hewa hata kimoja. Kompyuta hutazama kipimo cha mjini na cha Kolo, kisha hukisia hewa ya katikati. Kufika Chemba macho yalikuwa yakiniwasha, na wasiwasi umeniingia.

Adhuhuri nilishuka Kolo. Moshi wa tanuri za matofali ulitanda juu ya mapaa. Kipimo chetu kiko barazani kwa Mama Zaina, aliyempangisha Hawa chumba. Nilikikuta kimevikwa nailoni, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni.

"Shikamoo, mama. Mbona hiki kimefunikwa?"

"Marahaba, mwanangu. Moshi ukizidi nakifunika, tangu mlipokileta. Kitu cha watu kikiharibika nitawaambia nini?"

Kitambaa chenyewe alikuwa akikifua kila Ijumaa. Ningemgombeza vipi? Tulimwambia akitunze, hatukumwambia kwamba nacho kinahitaji kuvuta hewa. Nilikifunua. Punde Kolo ikawa nyekundu kwenye simu, na wekundu ukashuka na barabara hadi karibu na Mayamaya.

Ndani, Hawa alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Alikuwa amekonda mno, nikaona aibu kumtazama usoni.

"Si mafua, mdogo wangu," alisema.

Alasiri tulianza kurudi kwa gari la kukodi. Mama Zaina alitusindikiza akilia, akiomba radhi, na mimi nikilia zaidi yake. Hospitali ya Kondoa walimpa oksijeni hadi akaweza kusema sentensi nzima. Daktari alinionya nisimrudishe Kizota.

Nimejifunza kwamba kipimo hujua hewa inayokigusa tu, na kwa saa hiyo tu. Kwingine kote tulikuwa tukibahatisha, tena kwa rangi nzuri.

Nyumbani kwangu Dodoma nilifuta makisio yote. Mkoa mzima ukabaki mweupe, na nukta chache nyekundu penye vipimo. Hawa aliitazama skrini.

"Sasa mimi nikapumulie wapi?"

Nilimwambia sijui.